Uzi maalumu: Chasisi zilizorefushwa Arusha, mekanika ya yabisi kwa kompyuta, na namna ya kulifanya somo hili kazi

Yabisi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Karakana za Arusha zinazokata Land Cruiser katikati ya chasisi na kuongeza kipande ili safu nyingine ya viti iingie zinajulikana Afrika Mashariki nzima. Kwa macho kazi ni safi. Kinachokosekana ni hesabu iliyoandikwa: kipande kimeongeza mkazo (nguvu kwa kila eneo la chuma, kwa MPa) kiasi gani, mshono uwekwe wapi, utaishi safari ngapi. Hilo ni tatizo kamili la utafiti, na liko mlangoni kwetu.

Naweka hesabu ya mkono kwanza ili mjadala usielee hewani. Chukua reli moja ya boksi: kimo mm 120, upana mm 60, unene mm 4. Ni namba za mfano, ya kwako ipime kwa kalipa.

Momenti ya pili ya eneo, yaani umbo linavyokinza kupinda: (60 × 120³ − 52 × 112³) ÷ 12 = 2.55 × 10⁶ mm⁴. Gawa kwa 60, unapata moduli ya mkato kama 42,500 mm³. Mzigo kati ya ekseli mbili tuseme kilo 1,600 umesambaa sawa, kwa hiyo kila reli inabeba kilo 800, sawa na niutoni 7,850. Ekseli zikiwa mita 3.0, momenti ya kupinda ni WL/8, kama N·m 2,940, na mkazo ni MPa 69. Ukirefusha hadi mita 3.8 mkazo unafika MPa 88.

Asilimia 27 tu, utasema si kitu. Sasa angalia kushuka katikati: kutoka mm 5.1 hadi mm 10.5. Urefu hapo umepandishwa kwa nguvu ya tatu, ndiyo maana mlango unaweza kuanza kugoma kufunga wakati chuma hakina hata ufa wa unywele.

Na hapo gari limesimama. Kwenye barabara mbovu zidisha kwa 2.5 hadi 3 kufidia mishtuko. MPa 88 mara 3 ni 264. Chuma laini cha dukani kikomo chake cha kunyumbuka ni MPa 235 au 250 hivi.

Nauliza: modeli ijengweje, ipimweje, na kazi ya namna hii mtu aifanye na nani ili imfikishe mahali?

FundiThemi

Mkuu, kilo 1,600 hazibaki 1,600. Anayerefusha gari anaongeza viti, watu, mabegi, friji, na paa la kuinua. Weka 1,900 uone.

Yabisi

Nimeweka. MPa 104 likiwa limesimama, 312 kwa mara tatu. Asante mkuu, hapo ndipo penyewe.

MamaMeshi

Mleta uzi umeanza vizuri kwa sababu umeanza na kalamu. Anayefungua programu kabla hajajua jibu liko maeneo gani hatajua siku programu inamdanganya.

Programu za bure zinatosha. CalculiX, solva ya Guido Dhondt, inasoma faili zinazofanana na za Abaqus, kwa hiyo ukiijua hii hutahangaika ukikutana na ile ya kulipia. Kuchora tumia FreeCAD, meshi (kuigawa modeli katika vipande vidogo, elementi) tumia Gmsh. Kwa Windows kuna PrePoMax kutoka Chuo Kikuu cha Maribor, Slovenia, inayofanya yote katika dirisha moja. Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF, ina nguvu zaidi, ila mafunzo yake mengi ni ya Kifaransa na inamtoa mtu jasho.

Makosa yanayorudiwa ni yale yale.

Vipimo. Ukichora kwa milimita na nguvu ukaziweka kwa niutoni, basi masi inahesabiwa kwa tani. Msongamano wa chuma ni 7.85 × 10⁻⁹, si 7,850, wala si 7.85 × 10⁻⁶. Ukiweka hii ya mwisho, masi inakuwa mara 1,000 ya ile halisi na masafa ya mtetemo yanashuka mara 31.6, kipeuo cha pili cha 1,000. Ukiona chasisi inatetemeka kwa hezi 0.8 badala ya 25, usimlaumu fundi, angalia msongamano. Mvutano wa dunia nao ni 9,810, si 9.81.

Elementi. Tetrahedroni ya nodi nne, C3D4, ni ngumu kuliko chuma chenyewe: inapinda kidogo mno na mkazo unasoma chini. Tumia C3D10, ya nodi kumi. Tofali la nodi nane, C3D8, nalo hukakamaa kwenye kupinda. Badala yake kuna C3D8I au C3D20R. Kwa ukuta wa mm 4 ni busara zaidi kutumia ganda, S8R. Lakini ujue siri ya CalculiX: ganda analipanua ndani kwa ndani kuwa elementi nene za pande tatu, na pale maganda matatu yanapokutana kwenye nodi moja anaweka fundo gumu. Mkazo wa kwenye fundo hilo usiusome. Sogea pembeni.

Mashikio. Hapa ndipo wengi wanapozama. Ukikaza sehemu zote nne za springi kwa pande zote, chasisi haiwezi kujivuta kwa urefu, inafanya kazi kama tao, na mkazo unapungua kwa uongo. Weka springi za kweli. Ugumu wake haupatikani kitabuni, unapimwa: pakia mifuko 10 ya saruji, kilo 500, ukiipitisha kwanza kwenye mizani, pima kwa futi kamba chasisi imeshuka kiasi gani kila kona, kisha gawanya. Pima wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, maana majani ya springi yanasuguana na namba mbili hazitalingana. Chukua wastani.

Kabla ya mzigo wowote, endesha modeli ikiwa huru kabisa utafute masafa yake. Sita za kwanza lazima ziwe karibu sifuri. Zikizidi sita, kuna kipande hakijaungana. Zikiwa tano, umesahau kuondoa shikio mahali.

Nondo16

Dada MamaMeshi, swali. Kila nikipunguza ukubwa wa elementi kwenye kona ya bamba la kuimarishia, mkazo unapanda, haukomi. Meshi ipi ni sahihi?

MamaMeshi

Hakuna, kaka. Kona kali ya ndani ya digrii 90, kwa nadharia, ina mkazo usio na mwisho. Unapanda kwa umbali kwa kipeo cha −0.4555, yaani kila ukipunguza elementi kwa nusu, kilele kinapanda asilimia 37 hivi. Fanya meshi tatu: mm 8, 4, 2. Ukiona 37 na 37 tena, unapima hisabati, hupimi chuma. Ukiona ongezeko linashuka, tuseme asilimia 9 kisha 2, hapo umefika. Au weka mviringo halisi wa kona, au soma mkazo kwa umbali uliokubalika kutoka kwenye mshono. Picha yenye doa jekundu kwenye kona haithibitishi kitu, ingawa ndiyo kila mtu anaiweka kwenye jalada la ripoti.

Mshono_Mmoja

Naingilia kwenye umbali huo, maana chasisi hazikatiki kwa kuzidiwa siku moja. Zinakatika kwa uchovu, yaani mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi, na uchovu unaanzia kwenye mshono.

Kwa ufa unaoanzia ukingoni mwa mshono, mwongozo wa IIW, taasisi ya kimataifa ya uchomeleaji, unatumia umbali wa 0.4 na 1.0 ya unene. Kwa mm 4 ni mm 1.6 na mm 4.0 kutoka ukingo wa mshono. Mkazo wa kutumia ni 1.67 × ule wa kwanza − 0.67 × ule wa pili. Elementi hapo zisizidi mm 1.6. Kisha linganisha na daraja la FAT 100, au 90 kama mshono wenyewe ndio unaobeba mzigo. Namba ya FAT ni tofauti ya mkazo, kwa MPa, ambayo mshono unavumilia mizunguko milioni 2, na uhai unabadilika kwa nguvu ya tatu.

Sasa sikilizeni. Boksi huwezi kulichomelea kwa ndani. Ufa wake hauanzii ukingoni, unaanzia kwenye mzizi, upande usiouona, na njia hiyo ya 0.4 na 1.0 haiuoni kabisa. Modeli itakwambia salama huku mzizi unafunguka. Hapo rudi kwenye mkazo wa kawaida wa reli: mshono wa kukutanisha, uliochomelewa upande mmoja bila bamba la nyuma na bila kukaguliwa mzizi, ni FAT 36. Ukikaguliwa na kuthibitika umepenya wote, ni 71.

Tofauti ya mkazo ikiwa MPa 60: kwa daraja 36 ni mizunguko 432,000. Kwa daraja 71 ni milioni 3.3. Chuma kile kile, fundi yule yule. Bamba la nyuma lililoingizwa ndani ya boksi kabla ya kuchomelea, likifungwa vizuri na pengo la mzizi likaachwa, ndilo linalokupandisha daraja. Ni kazi ya nusu saa.

Mahali pa mshono: si katikati ya ekseli mbili, momenti ni kubwa zaidi hapo. Mshono wa reli ya kushoto na wa kulia usikae mstari mmoja. Bamba la kuimarishia likae ubavuni, ncha zake zichongwe ziishe taratibu, na usipitishe mshono kukatiza upande wa chini wa reli. Bamba nene lenye ncha ya mraba huhamisha tatizo, halilitatui.

Kikokotozi_Tengeru

Mmezungumza kupinda tu. Gurudumu moja likiingia shimoni, chasisi inasokotwa, na msokoto ndio unaotofautisha karakana na karakana.

Boksi la mleta uzi, kwa fomula ya Bredt (4A²t ÷ mzingo, vyote kwa mstari wa kati ya ukuta), lina ugumu wa msokoto kama mm⁴ milioni 1.96. Sasa kuna mtindo wa kuweka kipande cha nyongeza cha umbo la C, kwa sababu boksi la saizi hiyo halipatikani dukani. Umbo la C la unene ule ule lina mm⁴ 4,900 hivi. Mara 400 pungufu! Kwa uhalisia ncha zilizokazwa zinasaidia kiasi, si mara 400 kamili, lakini msokoto wote unakwenda kujikusanya kwenye kile kipande na kwenye mishono yake miwili. Likifungwa kwa bamba la nne likawa boksi, tatizo linaisha. Ukitoboa tundu kubwa refu kupitisha mabomba, unalirudisha.

Ukitaka mada ya shahada ya uzamili iliyo tayari, ni hiyo: reli ya boksi yenye kipande cha C cha cm 80, dhidi ya kipande cha boksi, dhidi ya C iliyofungwa. Vielelezo vitatu, modeli moja, fremu ya kusokota unayoweza kuitengeneza karakanani kwa jeki na mizani.

MpimajiSakina

Upimaji basi, maana bila hapo mapitio ya jarida yatawaua.

Streni geji za om 350, vibandiko vinavyobadili ukinzani wa umeme chuma kikivutika, zinapatikana kwa bei nafuu. Streni ni kiasi chuma kinavyovutika, ukigawa kwa urefu wake. Kwa MPa 88 ni 419 kwa milioni. Robo daraja (saketi ya rezista nne, geji ikiwa moja tu), volti 5, kipengele cha geji (ukinzani unavyobadilika kwa kila streni) 2: ishara ni volti 5 × 2 × 0.000419 ÷ 4, yaani milivolti 1.05. Ndogo sana, kwa hiyo waya usokotwe na uvishwe ngao, na usiupitishe karibu na altaneta.

Kubandika: ondoa rangi hadi chuma cheupe, msasa 220 kisha 400 kwa mkato wa msalaba, futa kwa asetoni kwa kitambaa kipya kila mara hadi kitambaa kitoke kisafi. Gundi ya supagluu, bonyeza kwa dole gumba dakika moja juu ya karatasi ya nailoni. Geji inayobanduka ukiigusa kwa ukucha ilibandikwa kwenye mafuta.

Joto. Chasisi nyeusi juani Arusha saa saba mchana si ile ya saa moja asubuhi. Chuma kinatanuka kama 11.7 kwa milioni kwa kila digrii. Digrii 10 tu ni 117, zaidi ya robo ya ishara yako. Weka geji ya pili kwenye kipande cha chuma kile kile kisichobeba mzigo, kiguse chasisi, uiunganishe kwenye daraja.

Usiweke geji kwenye mshono kwanza. Weka katikati ya reli, juu na chini, mbali na chochote. Hapo hesabu ya mleta uzi, modeli na geji vinapaswa kukubaliana ndani ya asilimia 10. Visipokubaliana, tafuta kwanza mzigo halisi, pili mashikio, mwisho kabisa ndipo uilaumu meshi.

Nondo16

Chipu ya HX711 inafaa? Ipo kila duka la vifaa vya elektroniki.

MpimajiSakina

Kwa gari lililosimama na mifuko ya saruji, inafaa sana. Kwa barabarani, hapana. Inachukua sampuli 80 kwa sekunde. Vijimawimbi vya barabara ya vumbi vikiwa na umbali wa mita 0.7, gari likiwa kilomita 50 kwa saa, ni mawimbi 20 kwa sekunde. Unapata sampuli nne kwa wimbi, na zikianguka vibaya unakosa hadi asilimia 29 ya kilele. Uchovu unakwenda kwa nguvu ya tatu, kwa hiyo uhai utakaoukokotoa unaweza kuzidi halisi karibu mara tatu. Chukua chipu ya ADS1256, hiyo inakwenda hadi sampuli 30,000 kwa sekunde. Wewe 500 zinakutosha.

Mawimbi 20 kwa sekunde ni mizunguko 72,000 kwa saa. Linganisha na ile 432,000 ya mkuu Mshono_Mmoja. Saa sita! Bahati nzuri tofauti ya mkazo ya kila wimbi si MPa 60, lakini ni ngapi? Ndiyo data ambayo mezani hutaipata. Ukishairekodi, hesabu mizunguko kwa njia ya mtiririko wa mvua (rainflow) ya Matsuishi na Endo, kisha jumlisha madhara kwa kanuni ya Miner.

DadaNjiaPanda

Niongelee upande wa kazi na ushirikiano, maana mleta uzi aliuliza na hakuna aliyemjibu.

Ajira iliyoandikwa "mchambuzi wa mkazo" Arusha usiisubiri. Zilizopo ni za mhandisi mitambo au ujenzi, ambamo ujuzi huu unakuuza: mabodi ya magari, matangi ya maji, trela, mashine za kilimo. CAMARTEC wako hapa hapa mjini na kazi yao ni zana za kilimo. Chuo cha Ufundi Arusha wana karakana. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wana shahada za uzamili na uzamivu. Moshi kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools. Katika zote hizo usiende na picha za rangi, nenda na ukurasa mmoja: tatizo, hesabu ya mkono, modeli, kipimo, tofauti yake kwa asilimia. Na ripoti ya mwanafunzi si cheti. Kusaini kwamba chasisi ni salama ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi.

Nje: Ujerumani nafasi nyingi za uzamivu ni ajira ya mshahara inayotangazwa na idara, si udhamini wa kuomba kwa mbali. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Cape Town wana CERECAM, kituo cha mekanika ya kompyuta, na huko kusini mkutano wa SACAM hufanyika kila baada ya miaka miwili. Wasilisho moja pale lina faida kuliko barua pepe hamsini.

Ukimwandikia profesa, mistari minane inatosha. Tatizo lako kwa sentensi mbili. Ulichopata kwa namba. Kiungo cha faili zako, zenye kuendeshwa na kutoa jibu lile lile. Swali moja mahususi kuhusu kazi yake, linaloonyesha umeisoma. "Natafuta nafasi yoyote" inafutwa kabla ya kufunguliwa.

Unacho ambacho maabara ya Ulaya haina: barabara ya vumbi, magari yaliyorefushwa, na mafundi wanaoyarefusha. Wao wana vifaa na muda wa kompyuta. Basi kubalianeni kwa maandishi mapema: data ni ya nani, nani mwandishi wa kwanza, faili zitawekwa wapi. Mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kupima ndani ya hifadhi ni vibali juu ya vibali. Anzeni kuviomba miezi mapema. Fundi aliyewapa gari apewe matokeo kwa Kiswahili, na namba za gari wala jina la karakana visionekane kwenye picha bila ridhaa yake. Ukivunja hilo mara moja, mlango wa karakana nzima umefungwa kwa watakaokuja nyuma yako.

Nondo16

Na majarida? Kuna moja limeniandikia barua linachapisha ndani ya siku tano, dola 150.

DadaNjiaPanda

Siku tano hakuna aliyesoma, mdogo wangu. Mapitio ya kweli ni miezi. Na usidhani lazima ulipe: JTCAM ni jarida la mekanika lisilotoza msomaji wala mwandishi, na mapitio yake ni makali. Mengi ya wachapishaji wakubwa nayo hayatozi mwandishi ukichagua njia ya kawaida ya usajili wa wasomaji. Nakala yako ya awali iweke arXiv, hifadhi ya bure ya makala mtandaoni.

Yabisi

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mpango basi: reli tatu za mita 2, kipande cha nyongeza cha cm 80 katikati ya kila moja kama alivyosema Kikokotozi, geji nne kila moja. Msokoto kwanza, kupinda baadaye. MpimajiSakina, nitajuaje daraja langu linasoma sawa kabla sijaweka mzigo?

MpimajiSakina

Chukua rezista ya kilo-om 100 yenye usahihi wa asilimia 0.1, iguse sambamba na geji ya om 350. Lazima isome 1,744 kwa milioni. Ikisoma 1,600, waya wako ni mrefu au kipengele cha geji ulichoandika si cha pakiti hiyo. Fanya hivyo asubuhi na jioni, uandike zote mbili. Na kwa msokoto geusha geji digrii 45, ukizibandika kwa mstari wa reli hazitasoma chochote cha maana.